Saratani ya jicho na utani wa mgonjwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Melanoma ya jicho, saratani inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya jicho, ni nadra. Nchini Marekani huwapata watu 5 hivi katika kila milioni kwa mwaka, kwa hiyo anayeambiwa anayo mara nyingi hajawahi kukutana na mwenzake, na wanaomzunguka huongea kwa kubahatisha. Akianza kuufanyia mzaha ugonjwa wake, ndipo maneno yanapozidi.

Dhana: Anayetania hajaukubali ugonjwa.
Aghalabu ndiye aliyeuelewa. Mtu anaubandika uvimbe jina la mpangaji msumbufu, kisha anamuuliza daktari, "Mpangaji amenenepa?" Hapo anauliza unene wa uvimbe kwa milimita, kipimo kinachosomwa kwenye altrasaundi na ambacho ni kati ya mambo yanayoamua tiba. Ni swali lililomnyima usingizi, na mzaha umempa pumzi ya kulitamka.

Dhana: Ukicheka sana utapona.
Hii naipinga kuliko zote, kwa sababu humtwisha mgonjwa lawama. Ugonjwa ukirudi, itaonekana hakuchangamka vya kutosha. Utafiti uliotolewa 2007, wa wagonjwa 1,093 wa saratani ya kichwa na shingo, haukuona kwamba waliokuwa na hali nzuri ya moyo waliishi zaidi ya wengine. Uvimbe hutibiwa kwa mionzi au upasuaji. Kicheko kinamsaidia mtu kuimaliza siku, na hilo peke yake ni jambo kubwa.

Dhana: Ingekuwepo, jicho lingeuma.
Mara nyingi haliumi kabisa. Wengine hugunduliwa walipokwenda kupima miwani tu, daktari akapanua mboni kwa matone na kuona doa nyuma.

Dhana: Dawa ni kuling'oa jicho.
Uvimbe mkubwa sana huweza kulazimu hivyo. Lakini jaribio kubwa la Marekani lenye wagonjwa 1,317 wa uvimbe wa wastani, lililotoa matokeo 2001, lilionyesha kuwa waliotolewa jicho na waliotibiwa kwa kisahani cha mionzi waliishi sawa: baada ya miaka 5, takriban 8 kati ya 10 walikuwa hai katika kila kundi. Kisahani hicho hushonwa kwenye weupe wa jicho, nyuma, usawa wa uvimbe, kikakaa siku kadhaa kabla ya kutolewa. Siku hizo watoto na wajawazito huambiwa wasimsogelee mgonjwa. Ndipo anapowaambia jamaa: "Mnaonikwepa, leo mna ruhusa ya daktari." Uoni wa jicho hilo unaweza kupungua baadaye kwa sababu ya mionzi, na ni haki yake kuambiwa mapema.

Dhana: Jicho la bandia ni gololi iliyokodoa.
Ni ganda la akriliki, limechorwa kwa mkono hadi vimishipa vyekundu. Hukaa mbele ya kipandikizi, yaani kitufe kilichowekwa ndani ya tundu la jicho na kuunganishwa na misuli, hivyo hucheza kiasi. Wapo wanaoagiza la pili lenye mchoro wa nyota, la sherehe.

Dhana: Akitania yeye, nasi ruksa.
Hapana. Ugonjwa huu ukisambaa hupenda kwenda kwenye ini, hata miaka mingi baada ya jicho kutibiwa, ndiyo maana vipimo huendelea. Siku ya majibu huenda mcheshi wenu asitake neno. Msindikize, mshikie mafaili, mwandikie anayosema daktari, na mzaha uliokuja nao uuweke mpaka auanze mwenyewe.