Ripoti ya kundi la wabunge si uamuzi wa Bunge

Wengi huamini kwamba kundi la wabunge wa vyama vyote nchini Uingereza, tuseme linaloshughulikia malaria au kifua kikuu, likitoa ripoti basi Bunge limeshaamua na fedha ziko njiani. Imani hiyo ina msingi wake: wajumbe ni wabunge kweli, na mara nyingi hukutana humo humo katika majengo ya Bunge.

Ila makundi hayo si kamati za Bunge. Kamati teule huundwa na Bunge lenyewe, ina mamlaka ya kuita mashahidi na kudai nyaraka, na serikali hutarajiwa kujibu ripoti yake, kwa kawaida ndani ya miezi miwili. Kundi la vyama vyote ni la hiari. Wajumbe husikiliza wataalamu, hushawishi wenzao, huuliza maswali bungeni. Kundi lenyewe haliwezi kumlazimisha waziri kujibu, wala halina fungu la bajeti la kugawa. Kazi za ukatibu mara nyingi hufanywa na shirika la nje lenye msimamo wake. Si hila, lakini ni vyema kulijua.

Kukagua si kazi ngumu. Ripoti inatakiwa kueleza kwamba si chapisho rasmi la Bunge. Pia kuna rejista kwenye tovuti ya Bunge, inayoonyesha viongozi wa kundi, nani anaendesha ukatibu, na misaada inayozidi pauni 1,500 kwa mwaka kutoka chanzo kimoja. Mimi huanzia kwenye ukatibu, ndipo nisome mapendekezo.