Ukitimiza Miaka 18 Marekani, Nani Atazungumza na Daktari kwa Niaba Yako?

Nina miaka 20 na afya njema. Maelekezo ya matibabu, yaani maandishi ya nani aniamulie na nitibiwe vipi nikishindwa kusema, si mambo ya wazee?

Kesi tatu zilizotikisa Marekani kuhusu jambo hili zote zilihusu vijana. Karen Ann Quinlan alipoteza fahamu mwaka 1975 akiwa na miaka 21. Nancy Cruzan alipata ajali ya gari Missouri mwaka 1983, akiwa na miaka 25. Terri Schiavo alisimama moyo Florida mwaka 1990, akiwa na miaka 26. Hakuna aliyeacha maandishi. Mume wa Terri alisema mkewe asingetaka kuishi kwa mpira wa kulishia. Wazazi wake wakapinga. Mpira ukatolewa, ukarudishwa, ukatolewa, ukarudishwa tena. Mara ya tatu, Machi 2005, haukurudishwa, na Terri akafariki siku 13 baadaye. Mume na wakwe walikuwa wameburuzana mahakamani kwa miaka.

Mama si ataambiwa hali yangu?

Si lazima. Katika majimbo mengi, ukifika miaka 18 siri zako za matibabu ni zako, hata kama bima analipa yeye. Ukiwa umezimia, daktari anaweza kumweleza akiona inakufaa, ila sheria haimlazimishi. Mama anayepiga simu usiku kutoka Mwanza anaweza kujibiwa tu kwamba hospitali haitoi taarifa.

Kwetu ukoo huamua pamoja. Hiyo haitoshi?

Hapa ndipo familia zetu huumia zaidi. Majimbo mengi yana orodha ya nani aamue: kwanza mke au mume, kisha watoto waliokua, wazazi, ndipo ndugu. Mama mdogo aliyekulea tangu darasa la kwanza, na ambaye ndiye uliye naye Marekani, yuko chini sana kwenye orodha hiyo, kama yumo kabisa. Mchumba vilevile. Ukimteua kwa maandishi, anawapita wote.

Kuandika mambo haya si uchuro?

Hapana. Fomu ya maelekezo hayo inakuruhusu pia kuandika kwamba ufanyiwe kila kinachowezekana. Mashahidi wa Yehova wengi, wazima kabisa, hutembea na kadi inayokataa kuongezewa damu.

Naanzia wapi?

Tafuta fomu ya jimbo lako. Hupatikana bure na wakili si lazima. Teua mtu mmoja na wa akiba. Kwa kawaida utasaini mbele ya mashahidi wawili, au mthibitishaji wa saini anayetambuliwa na serikali (notary public), na uliyemteua asiwe shahidi. Saini pia ruhusa ya hospitali kumpa uliyemteua taarifa zako. Ukisoma jimbo jingine, jaza na ya huko. Kisha kaa naye umweleze: mashine ya kupumulia unaitaka, na kwa muda gani kama hakuna matumaini? Mazungumzo hayo yana uzito kuliko fomu yenyewe. Mpe nakala, nyingine weka kwenye simu. Ukiwa na fahamu bado unaamua mwenyewe, na unaweza kuibadilisha wakati wowote.