Usukani Ukitetemeka, Si Lazima Iwe Alaimenti

Ukinunua gari lililokwisha kutumika hapa Malindi, utalijaribu wapi? Unashika barabara ya Lamu kidogo, unazunguka Casuarina, unarudi. Matuta, tuktuk, watoto wa shule: ukifika 50 umejitahidi. Gari linakupendeza, unalipa.

Mimi ugonjwa wa langu niliujua siku ya tatu, nikienda Kilifi. Nimeshapita Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke uko mkono wa kulia, njia imenyooka. Sindano ilipogusa 90, usukani ukaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Nikashuka 70, ukatulia. Nikapandisha tena, ukarudi.

Jioni nikalisema jambo hili barazani, na penye wengi pana mengi. Shemeji akasema alaimenti. Mzee mmoja aliyeendesha malori ujanani akasema ekseli. Kijana wa jirani akataka niweke nitrojeni kwenye matairi. Na aliyeniuzia, nilipompigia simu, akanijibu kwa upole: “Kaka, gari hizi zote ndivyo zilivyo, utazoea.” Yote haya niliyajaribu au niliyapeleleza, isipokuwa hilo la kuzoea.

“Ni alaimenti hiyo.”

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo iliyonitoa pesa ya kwanza. Alaimenti ni pembe tu, yaani magurudumu yametazama wapi. Pembe zikiharibika, gari huvuta upande, usukani hukaa pogo hata njia ikiwa imenyooka, na tairi huliwa bega moja. Pembe haizunguki, kwa hiyo haina cha kutikisa mara kwa mara. Mtetemo unaokuja na mwendo na kuondoka na mwendo hutoka kwenye kitu kinachozunguka. Kuna njia moja tu ya kuilaumu alaimenti: ikiachwa mbovu kwa miezi, huila raba kwa mawimbi mawimbi, na tairi la hivyo huvuma na kutikisa. Hapo napo kurekebisha pembe hakurudishi raba iliyokwisha kuliwa.

Nililipia hata hivyo. Shemeji ni shemeji.

“Gramu ishirini zitafanya nini kwa gari la tani nzima?”

Swali hili fundi mmoja aliniuliza akicheka, akakishika kwa vidole viwili kipande cha risasi, kile kinachobandikwa kwenye rimu ili kubalansi, yaani uzito wa gurudumu ulingane pande zote. Tupige hesabu basi. Tairi la saizi ya kawaida, 185/65 R15, linazunguka kama mara 14 kwa sekunde moja ukiwa kilomita 100 kwa saa. Gramu 20 zikizidi upande mmoja kwenye ukingo wa rimu, kwa mwendo huo huvuta kwenda nje kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 3. Fikiria mtu anasukuma na kuvuta kwa nguvu hiyo ya kilo 3, huku na huku mara 14 kila sekunde, nawe umeshika usukani upande wa pili.

Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo: ukienda nusu ya mwendo inabaki robo. Ndiyo maana mjini hukusikia kitu. Tena chombo chote cha mbele kina mwendo wake kinaopenda kutikisikia, kama bembea. Kwa magari madogo mengi ni baina ya 80 na 110. Ukivuka hapo mtetemo unaweza kupungua, na kuna madereva wanaojisifu kwamba dawa ni kukanyaga mafuta. Nguvu haijapungua hata chembe. Imeongezeka, na beringi ndizo zinazoilipia.

Risasi hudondoka. Na kwetu huku kuna jambo ambalo vitabu vya gari havilitilii mkazo: tope. Ukipita njia za udongo za Ganda au Kakuyuni wakati wa masika, tope huingia nyuma ya rimu na kukauka humo kama saruji. Kabla ya kwenda popote chukua maji na kijiti, ukasafishe upande wa ndani. Ni dawa ya bure, na kuna watu imewaponya siku hiyo hiyo.

“Mashine imesoma sifuri, gurudumu ni zima.”

Hapa ndipo nilipopotea wiki mbili. Nilibalansi magurudumu yote manne, mashine ikasoma sifuri kila mahali. Nikaenda hadi msituni, 90, homa ile ile. Nikarudi, nikabalansi gereji nyingine. Sifuri. Nikaanza kumkaribia yule mzee wa ekseli.

Sifuri ya mashine maana yake uzito umelingana. Haikuambii kama gurudumu ni duara. Rimu iliyopigwa na shimo inaweza kupinda, ikapewa risasi za kutosha hadi ikasoma sifuri, na bado kila mzunguko ikalirusha gari juu. Tairi lililoachana nyuzi zake za ndani nalo ni hivyo hivyo. Kuligundua hakuhitaji mashine: lipandishe gurudumu kwa jeki, simamisha kalamu au kijiti karibu kabisa na ukingo, lizungushe polepole kwa mkono. Nafasi baina ya kalamu na ukingo isibadilike. Ikipanuka na kubana, umempata mwizi.

Rimu zangu zilikuwa duara. Tatizo lilikuwa mahali pengine. Mwenye gari wa kwanza alilivisha rimu za urembo, zile zinazong’aa. Habu za gari hili, yaani vile vitovu ambavyo magurudumu hufungwa juu yake, kama za Toyota ndogo nyingi, zina kipenyo cha milimita 54.1. Tundu la katikati la rimu zile ni milimita 73.1, kwa sababu zimetengenezwa zienee magari ya kila aina. Pengo hilo linatakiwa kuzibwa na pete ya plastiki, na pete hazikuwamo. Kwenye mashine gurudumu hushikwa na koni inayoliweka katikati barabara, ndiyo maana sifuri. Kwenye gari limeshikiliwa na nati peke yake.

Nati zenye uso wa koni zinaweza kuliweka katikati, kama zitakazwa kwa zamu, kwa mkato wa nyota (nati moja, kisha ile ya upande wa pili), gurudumu likiwa hewani. Lakini gereji nyingi hutumia bunduki ya upepo: nati ya kwanza inabanwa mpaka mwisho, gurudumu linavutwa kando, zinazofuata zinalikuta limeshakaa vibaya. Gurudumu la kilo 15 likikaa nusu milimita tu kando ni sawa na kubandika karibu gramu 40 kwenye ukingo. Nusu milimita! Na hewa yetu ya chumvi inaongeza lake, maana kutu na magamba kwenye uso wa habu yanatosha kulikalisha gurudumu upande. Brashi ya chuma hulimaliza hilo kwa dakika kumi.

“Badilisha vyote vya mbele, upumzike.”

Shoki, bushi, boljointi, taiyarodi: orodha hii utapewa na fundi ambaye hata hajalipanda gari lako. Viungo vilivyolegea huukuza mtetemo, lakini kwa kawaida si vyo vinavyouanzisha. Ukivibadilisha kabla ya kuyasahihisha magurudumu, unalipia dirisha ili kuuzuia upepo. Gari likiwa kwenye jeki, lishike gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kulia na kushoto. Likicheza juu na chini, shuku beringi au boljointi. Likicheza kulia na kushoto tu, shuku taiyarodi, ile fimbo inayopeleka usukani kwenye gurudumu. Lisipocheza, iweke pesa yako mfukoni.

Mtihani mwingine ninaoupenda kuliko wote hautaki chochote ila jeki: yahamishe magurudumu ya mbele nyuma, na ya nyuma mbele, kisha rudia njia ile ile kwa mwendo ule ule. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, ubaya umo ndani ya magurudumu yenyewe. Ukibaki usukanini, tazama habu, breki na viungo.

Sikiliza pia unakuja lini. Ukija ukikanyaga mafuta tu na kuondoka ukiyaachia, mara nyingi ni kiungo cha ndani cha draivshafti, ile fimbo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Ukiwapo gari limesimama na injini inanguruma, ni maunti zinazoishikilia injini, au injini yenyewe. Ukija ukishika breki tu, ni disiki. Watu husema disiki “imepinda”, ila aghalabu haikupinda, imekuwa nene hapa na nyembamba pale. Gari lililoegeshwa miezi karibu na bahari, disiki zake huota kutu pasipofunikwa na padi. Kutu ya usiku mmoja hufutika kwa breki chache, ya miezi huacha alama.

“Meno yapo, tairi bado jipya.”

Meno hayasemi umri. Tafuta ubavuni herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Gari linaloagizwa huweza kukaa yadini, melini, kisha yadi ya Mombasa, likiwa limelalia sehemu moja ya tairi. Bapa la hivyo likiwa dogo huondoka baada ya nusu saa ya mwendo. Likiwa kubwa halitoki. Na ukiona uvimbe ubavuni, hapo hatuzungumzi tena mtetemo. Weka spea, usilipandishe barabara kuu hata kwenda Watamu. Vivyo hivyo mtetemo ukiongezeka ghafla baada ya kutoka gereji: simama, kagua nati.

Nitrojeni? Upepo wa kawaida ni nitrojeni asilimia 78. Haibalansi kitu.

Pete nne za plastiki nilizipata Mombasa kwa bei isiyofika nusu ya ile alaimenti. Tukazisugua habu, tukazikaza nati kwa mkono, nyota, mpaka kipimo cha nyutoni-mita 103 kinachotakiwa na gari langu. Jumapili nikamchukua shemeji tukaenda Kilifi. Baada ya Gede nikapandisha 80, 90, 100. Usukani kimya. Akauegemeza mkono dirishani, akautazama msitu ukipita.

“Waona,” akasema, “alaimenti ilivyofanya kazi.”