Ethi kwanza: kulinda kiyoyozi msimu wa radi Nyanda za Juu Kusini

Mtu wa Uyole akisikia habari za kiyoyozi hucheka, maana Juni na Julai anachotafuta yeye ni sweta na blanketi la pili. Lakini shuka Kyela, Chimala au Ubaruku, au teremka kutoka Iringa mjini hadi Pawaga, utaelewa kwa nini nyumba za wageni, maduka ya dawa na sasa hata nyumba za familia zinafunga AC. Mbeya mjini nazo zipo, kwenye maabara na vyumba vya kompyuta, na wapo wanaozitumia kupasha joto wakati wa baridi. Makala haya ni kwa wote hao. Mwenye friji na televisheni tu asiache kusoma, kwa sababu umeme unaoua AC, yaani kiyoyozi, ndio huohuo unaoua friji.

Mvua zetu huanza Novemba na kwisha Aprili, ingawa Kyela husogea hadi Mei. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa hugonga milima ya Livingstone na Mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 2,960, hupanda kwa nguvu na kupoa, na ikifika alasiri mawingu ya radi yamekwisha kujengeka. Ngurumo za kwanza zikishapita, karakana zetu za ufundi huanza kupokea bodi za AC, yaani vibao vya elektroniki vinavyoziongoza, zilizoungua. Nyingi zimetoka kwenye nyumba ambazo hazikupigwa na radi kabisa.

Radi haihitaji kugonga paa lako. Mpigo mmoja hubeba mkondo wa makumi ya maelfu ya ampea. Ukitua kwenye nguzo, au kwenye mti ulio karibu na laini, volti kubwa husafiri kwenye nyaya hadi ndani ya nyumba ambayo kwa kawaida hutumia volti 230. Wimbi hilo hupita kwa mikrosekunde. Sakiti breka, ambayo wengi huiamini kama mlinzi wa kila kitu, ilitengenezwa kuzuia waya usiungue kwa mzigo mkubwa au shoti, na yenyewe huhitaji milisekunde kadhaa kukata. Ndiyo maana mwenye nyumba hukuta breka iko juu vilevile, haikuguswa, na AC imekufa.

Kuna jambo la rimoti pia. Kuzima AC kwa rimoti ni kuilaza tu. Bodi yake inabaki na umeme ikisubiri ubonyeze tena, na wimbi likija linaikuta hapohapo. Kuzima kwa breka ni afadhali, lakini breka nyingi za kwenye bodi ya umeme, lile boksi la breka la nyumba, hukata waya wa fesi unaoleta umeme peke yake na kuacha niutro, waya wa kuurudisha, imeunganishwa, na wimbi la radi huja kwa njia zote mbili. Kwa AC iliyofungwa moja kwa moja ukutani bila plagi, mwambie fundi aweke swichi inayokata fesi na niutro kwa pamoja. Yenye plagi, ichomoe. Usisahau waya wa dishi na wa antena, kwa sababu radi haichagui waya ulioandikiwa umeme.

Yote hayo yafanyike kabla mvua haijafika, si katikati yake. Sauti hutumia karibu sekunde tatu kusafiri kilomita moja. Ukiona mwanga na kusikia ngurumo kabla hujahesabu hadi 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi. Hapo acha swichi na waya zote, kaa mbali nazo, na subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. AC inanunulika tena.

Sasa nije kwenye ethi, yaani waya na rodi za kupeleka umeme wa hatari ardhini, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha za watu zinapopotelea. Mtu huenda sokoni Mwanjelwa, Mbeya, akanunua kifaa cha kinga cha bei kubwa, akakichomeka ukutani na kurudi kulala. Nyuma ya nyumba, waya wa ethi umekatwa na wezi wa shaba tangu mwaka juzi, au fundi wa kupiga plasta aliuzika, au kibano kinachoushika kwenye ethi rodi, ile fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini, kimeota kutu hadi kimelegea. Kifaa cha kinga hakimezi radi. Kazi yake ni kuigeuzia njia iende ardhini, na kama njia ya kwenda ardhini haipo, wimbi litatafuta njia nyingine kupitia vyombo vyako. Ukiwa na fedha ya kufanya jambo moja tu kabla ya Novemba, iweke kwenye ethi.

Anza kwa macho. Tafuta waya wa kijani na njano unaotoka kwenye bodi ya umeme kwenda nje, ufuate hadi unapoingia ardhini, uone kama kibano kimekaza. Usiuguse kwa mkono wala kuufungua, kwa sababu waya wa ethi wenye hitilafu unaweza kuwa na umeme. Kisha muite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aje na kipima ethi. Kwa kinga ya radi, wataalamu hulenga ukinzani wa omu 10 au chini yake, maana ukiwa mdogo umeme huingia ardhini kwa urahisi. Apime Oktoba, udongo ukiwa mkavu, kwa kuwa kipimo cha Machi udongo ukiwa umelowa hukupendezesha tu. Sehemu zenye mwamba karibu, kama miteremko mingi ya Mbeya na Iringa, rodi moja mara nyingi haitoshi. Zinapigiliwa mbili au zaidi, zikiachana kwa umbali usiopungua urefu wa rodi yenyewe, na kuunganishwa. Wapo mafundi wanaomwaga chumvi kwenye shimo ili kipimo kishuke. Kinashuka kweli siku hiyo. Kwa mvua za Tukuyu chumvi hiyo husombwa upesi, na kabla haijaisha inakuwa imeshaanza kula rodi.

Chombo cha nje cha AC, kile chenye feni, nacho lazima bati lake liunganishwe kwenye ethi hiyohiyo. Kimeungwa na cha ndani kwa mabomba ya shaba, kwa hiyo kinachokipata kimoja kinamfikia mwenzake. Usikubali kuchimbiwa rodi yake peke yake pembeni isiyounganishwa na ya nyumba, maana radi ikipiga karibu, rodi mbili zilizotengana huwa na volti tofauti na tofauti hiyo hupita ndani ya mashine.

Ethi ikiwa sawa, ndipo saji protekta, kile kifaa cha kinga nilichokitaja, ina maana. Iliyo bora ni ile inayofungwa kwenye bodi ya umeme, ikalinda nyumba nzima, na nyaya zake ziwe fupi, jumla isizidi nusu mita, kwa kuwa waya mrefu unapunguza kinga. Ina kidirisha kidogo. Kikiwa kijani ni nzima, kikigeuka chekundu imeshajitoa mhanga na inabidi ibadilishwe. Kiangalie baada ya kila radi kubwa. Katika nyumba nyingi tunazopita, kimekuwa chekundu siku nyingi na hakuna aliyekiona.

Tusichanganye kifaa hicho na gadi ya umeme. Gadi huangalia volti. Nyingi hukata zikishuka karibu na 185 au zikipanda karibu na 260, kisha husubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme. Radi ina kasi kuliko gadi, lakini kuna adui mwingine ambaye gadi inamweza vizuri, naye ni umeme unaorudi. Ukikatika AC ikiwa inafanya kazi, gesi ndani yake inabaki na mgandamizo mkubwa upande mmoja. Ukirudi baada ya sekunde chache, kompresa, ile pampu ya gesi, inalazimika kuanza ikisukuma mgandamizo huo, inavuma bila kuzunguka, inavuta mkondo mkubwa na kuchemka. Ipe dakika tatu hadi tano. AC nyingi za siku hizi zina subira hiyo ndani yake, za zamani hazina. Nunua gadi ya AC yenyewe. Ile ndogo ya friji haitamudu hata AC ya hospawa moja na nusu, kwa sababu wakati wa kuwaka mkondo wake ni mara kadhaa ya ule wa kawaida.

Upepo ukiangusha nguzo, kuna hatari moja ambayo mtu akiijua anaokoa nyumba nzima. Niutro ikikatika kwenye laini ya fesi tatu, nyumba nyingine hupata umeme hafifu na nyingine volti zinazoweza kukaribia 400. Ukiona taa zimewaka kupita kiasi, au za chumba hiki zinang'aa na za kile zinafifia, zima meni swichi mara moja na uwaarifu TANESCO.

Kuhusu mwili wa chombo cha nje sina mengi. Kifungwe kwa bolti, si kwa kamba. Mvua ya mawe hupinda mapezi yake ya alumini. Fundi huyanyoosha kwa kitana maalumu, na kibanda kidogo cha bati juu yake husaidia mradi pande zibaki wazi. Usikivike nailoni kikiwa kinafanya kazi, kitakosa hewa. Bomba la kutolea maji lisafishwe kabla ya mvua, na matundu yazibwe mijusi wasiingie kwenye bodi. Ama kufunika vioo na kuficha nguo nyekundu, fanya kama unavyoona, lakini mkondo wa umeme hauangalii rangi.

Radi ikishapiga na AC haiwaki, usiirudishe breka mara kwa mara. Fundi akisema bodi nzima imekufa, mwombe kwanza aangalie fyuzi ya kioo na varista, kile kidude cha duara mlangoni mwa umeme. Mara nyingine hivyo viwili ndivyo vilivyokufa vikiilinda bodi, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na bodi mpya. Asiweke kipande cha waya mahali pa fyuzi.

Kwa wenzetu wa Kyela walio karibu na mito ya Kiwira, Mbaka na Songwe, kifungeni chombo cha nje juu ya alama ya maji ya mafuriko iliyobaki ukutani. Kikizama, msikiwashe hata kikionekana kimekauka. Zimeni kwenye bodi ya umeme, mkiwa mmesimama pakavu, na fundi akikague injini ya feni, viungio na waya kabla ya umeme kurudi.