Je, wajua kwa nini manispaa za Ufini zilichangia hospitali moja?

Katikati ya msitu wa misonobari huko Paimio, kusini-magharibi mwa Ufini, limesimama jengo refu jeupe lililofunguliwa mwaka 1933. Wasanifu majengo hulisifu kwa sababu lilichorwa na Alvar Aalto. Mimi huwa nawawaza zaidi waliolilipia: manispaa zaidi ya hamsini, nyingi za vijijini, zilizochanga fedha kujenga hospitali moja ya kifua kikuu.

Kwa nini kila manispaa isijenge yake? Wakati huo dawa ya kuponya kifua kikuu haikuwapo. Tiba ilikuwa hewa safi, jua, lishe na kulala miezi kwa miezi. Manispaa yenye wakulima elfu chache isingemudu daktari bingwa, mashine ya eksirei na wauguzi wa usiku na mchana kwa ajili ya wagonjwa watano. Lakini hao watano wapo, na wakibaki nyumbani wanawaambukiza watoto.

Basi wakahesabu vitanda. Kila manispaa ilichangia kulingana na vitanda ilivyohitaji, na serikali kuu ikatia ruzuku. Mji wa Turku ulipojiunga, mchoro ukabidi uongezewe ghorofa. Na fedha hizo za wengi hazikumletea mgonjwa huduma ya bora liende. Vyumba vilikuwa vya watu wawili wawili, kila mmoja na sinki lake, lililoinamishwa ili maji yateremke bila kelele mwenzake asiamke. Dari lilipakwa rangi iliyopoa, kwani mtu anayelala chali kutwa nzima macho yake huishia huko.

Baadaye ushirika huu ukawa sharti la kisheria. Kuanzia mwaka 1991 kila manispaa ililazimika kuwa mwanachama wa wilaya ya hospitali, yaani umoja wa manispaa unaoendesha hospitali za eneo lao, ikipeleka wajumbe kwenye baraza lake na kulipia matibabu ya wakazi wake. Hapo ndipo penye ugumu. Manispaa yenye watu wasiofika 1,000 ingeweza kuyumba bajeti nzima kwa sababu ya mtoto mmoja aliyezaliwa kabla ya wakati au mtu mmoja aliyeungua vibaya. Kwa hiyo sheria ilitaka kila wilaya ya hospitali iwe na mfuko wa kusawazisha: gharama za mgonjwa mmoja zikipita kiwango fulani, ziada ilibebwa na manispaa zote za wilaya hiyo. Kwangu hiki ndicho kiini cha mpango wote, maana bila mfuko huo diwani angeanza kumtazama mgonjwa kama hasara ya kijiji.

Msomaji wa Tanzania ataielewa haraka hali hii. Wilaya inapogawanywa, hospitali hubaki upande mmoja, wagonjwa wanaendelea kutoka pande zote mbili, na swali la nani anunue dawa huwa halina jibu jepesi.

Hata Ufini mfumo huo ulielemewa. Wazee waliongezeka, vijana wakahamia mijini, na walipa kodi wa vijijini wakapungua. Tarehe 1 Januari 2023 jukumu la afya liliondolewa kwenye manispaa likapewa mikoa mipya 21, inayopata sehemu kubwa ya fedha zake serikali kuu. Helsinki pekee ilibaki na huduma zake, huku matibabu ya kibingwa ikiyapata kupitia chombo cha pamoja na majirani zake.