Venus wa Velázquez: Haro aliinunua, hakuiagiza

Kila nikifundisha kuhusu Diego Velázquez, mchoraji wa Hispania wa karne ya 17, hakosekani mtu wa kunieleza kwamba ule mchoro wake wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, aliyelala ametupa mgongo, mwanawe Kupido amemshikia kioo, uliagizwa na Gaspar de Haro, kijana wa ukoo mkubwa wa Madrid aliyependa wanawake na michoro kwa kiasi kilekile. Eti mwanamke mwenyewe ni hawara wa Haro. Wengine humfanya hawara wa Velázquez huko Roma. Basi tuangalie hati.

Mwaka 2001 ilibainika kuwa mmiliki wa kwanza anayejulikana ni Domingo Guerra Coronel, mchoraji na mfanyabiashara wa michoro wa Madrid. Coronel alifariki 1651, na Haro akaununua mchoro mwaka uliofuata. Sasa jiulize: mtu aliyeagiza kitu chake, anakwendaje kukinunua katika mali ya marehemu mwingine? Tena orodha ya mali ya Coronel haikutaja jina la Velázquez. Mtaalamu mmoja anadhani liliachwa kwa sababu mwanamke yu uchi. Kuna pengo kati ya brashi ya Velázquez na mikono ya Coronel, na pengo hilo ndilo watu wanalojaza mahawara. Uso ulio kwenye kioo mchoraji ameufifisha makusudi. Anayedai kuutambua anajidanganya.

Ushauri wangu haubadiliki: soma kwanza orodha za mirathi na hati za mauzo, ndipo ufungue wasifu wa mchoraji. Wengi huanzia kwenye wasifu, kisha wanalazimisha mchoro ufuate.

Wapo wanaosema Hispania ya Kikatoliki isingevumilia mchoro wa namna hiyo. Kanisa lilikemea, ndiyo, lakini mfalme Philip IV mwenyewe alikuwa na wanawake uchi waliochorwa na Titian na Rubens kwenye kuta zake.

Mchoro huu huitwa pia Rokeby Venus, lakini Rokeby si jina la mwanamke wala la mchoraji. Ni nyumba iliyokuwa ya John Morritt huko Yorkshire, Uingereza, ambako mchoro ulining'inia karibu karne nzima. Kutoka kwa Haro ulirithiwa, ukaingia ukoo wa kikabaila wa Alba mwaka 1688 kwa njia ya ndoa, baadaye ukawa wa waziri Manuel Godoy. Godoy alipoangushwa 1808 mali zake zilitaifishwa. Mchoro ukavuka hadi Uingereza mwaka 1813, na Morritt akaununua kwa pauni 500. Wanaosema National Gallery, jumba la sanaa la London, iliupora Hispania wajue kuwa ulifika pale mwaka 1906, ukinunuliwa kwa pauni 45,000 kutoka Rokeby, nyingi zikiwa za michango.

Wapo pia wanaodai mchoro uliangamizwa na Mary Richardson, mwanaharakati wa kura za wanawake Uingereza. Hapana, hakuuangamiza. Machi 10, 1914, aliukatakata mgongoni na begani kwa kisu cha nyama, akipinga kukamatwa kwa Emmeline Pankhurst, kiongozi wa wanawake waliodai kura. Mikato ilizibwa, mchoro ukarudishwa ukutani.