Wimbo kinyumenyume na "sauti ya shetani"

Ile meseji inayosema bendi za industrial rock, ile roki yenye kelele za mashine, zilipata umaarufu kwa kuficha maneno ya kishetani, ati ukicheza wimbo kinyumenyume unayasikia, haifi kwenye magrupu. Inazunguka miaka na miaka.

Kugeuza sauti ni mbinu ya studio tu, ilikuwepo hata kabla ya miaka ya 1960, na hawa jamaa wa industrial ndo kabisa kazi yao ni kuchezea sauti, kelele za mashine, vyuma vinavyogongwa, tepu zinakatwa na kuungwa upya, baadaye sampla, yaani mashine ya kurekodi vipande vya sauti na kuvicheza upya. Hata hilo jina "industrial" limetoka kwa lebo ndogo ya muziki ya London iliyoanza 1976, sio dhehebu.

Sasa mbona watu wanasikia maneno? Kwa sababu wameshaandikiwa cha kusikia. Watafiti wawili wa saikolojia Kanada walilipima hili wakachapisha 1985: wasikilizaji hawakuweza kujua sentensi iliyogeuzwa ni swali au sio swali, ila wakishadokezwa maneno fulani wanayasikia kweli.

Jaribu mwenyewe, chukua programu yoyote ya bure ya kuedit sauti, geuza kipande, mchezee mtu ambaye hajasoma ile meseji. Usimdokeze kitu! Dada yangu alisema ni kama mtu anasukutua.

Mavazi meusi na video za kutisha zinachangia, hilo nakubali, lakini hayo ni ya jukwaani.

Ikikufikia tena usiiforwadi, na aliyekutumia mwambie taratibu inboksi, sio mbele ya grupu zima.